Msichague Chuo, Chagueni Wodi

(Maneno ya daktari wa watoto mbele ya wazazi na wahitimu wa kidato cha sita jijini Mbeya. Yameandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa, na maswali machache yamewekwa mwishoni.)

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleikum. Wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo kwa kunikaribisha. Wa Iringa na Njombe mliosafiri hadi huku, kamwene.

Mkuu wa Shule, walimu, baba zangu, mama zangu, nanyi wanangu wa PCB, mliosoma fizikia, kemia na biolojia. Mada niliyopewa ni fupi: mtoto ameomba udaktari vyuo viwili, vyote viwili vimemchukua, aende wapi? Aliyenialika alisema kuna nyumba hapa Mbeya hazilali kwa sababu ya swali hili. Basi leo tulizungumze, ikiwezekana watu wakalale.

Swali lenyewe ni jipya. Mwalimu Nyerere alikuwa akitukumbusha kwamba nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari 12. Aliyetaka udaktari siku zile alikwenda Makerere. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na kwa zaidi ya miaka 30 mlango ndani ya nchi ukawa ule mmoja. Ukichaguliwa, unakwenda Muhimbili. Usipochaguliwa, unatafuta kazi nyingine, na mambo yanaishia hapo. Ndiyo maana babu akisikia mjukuu anakwenda kusomea udaktari, masikio yake yanasikia Muhimbili, hata kama mtoto ametamka jina jingine kabisa. Mzee hana kosa. Kwenye umri wake hapakuwa na pengine.

Halafu mwaka 1997 Moshi wakaanza pale hospitali ya KCMC, na mwaka huohuo Mikocheni kikaanza chuo tunachokiita leo Hubert Kairuki. Mwaka 2003 hospitali ya Bugando, Mwanza. Baadaye Dodoma, Ifakara, Zanzibar. Na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaleta ndaki yake ya afya, yaani tawi lake la kufundishia udaktari. Wanafunzi wake mnawaona asubuhi na makoti meupe wakielekea hospitali ya Rufaa. Siku hizi mnaomba moja kwa moja chuoni, kila chuo kinachagua watu wake, majina yanakwenda Tume ya Vyuo Vikuu. Jina lako likitokea sehemu mbili, unatakiwa uthibitishe sehemu moja ndani ya siku zilizotangazwa, na kule kwingine nafasi inaachiwa mwenzako. Huu ndio utaratibu unaowakosesha usingizi.

Sasa niwaambie ninachokiamini, halafu muda uliobaki niutumie kukitetea. Msichague chuo. Chagueni hospitali iliyo nyuma ya chuo, kisha mhakikishe pesa yenu inafika mwaka wa tano. Hayo mengine, jina, jiji, mandhari, majengo kwenye kipeperushi, yanaweza kuwafurahisha au kuwaudhi, lakini hayafundishi mtu kutibu.

Jina kwanza, kwa sababu ndilo linalopigiwa kelele. Ukimaliza chuo chochote cha udaktari kinachotambuliwa nchini, unapangiwa utarajali wa mwaka mmoja, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, kisha unasajiliwa na Baraza lilelile, Baraza la Madaktari Tanganyika. Hakuna rejista ya waliosoma Dar na nyingine ya waliosoma mikoani. Mama akimleta mtoto hospitali ya Makandana saa nane usiku, mtoto anapumua kwa shida, hamuulizi daktari alihitimu wapi. Anaangalia mikono. Na mikono ile ilifundishwa wodini.

Miaka ya mwanzo wala msihangaike nayo sana. Anatomia, fiziolojia, biokemia, baadaye patholojia, mikrobiolojia, famakolojia: hayo yamo vitabuni, na moyo una vyumba vinne Moshi, una vinne Mwanza. Mwanafunzi anayejituma atayapata popote, mradi pana walimu na pana maabara. Shida inaanza siku anapoingia wodini. Tiba ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, akina mama wanaojifungua. Pale unakaa na mgonjwa unachukua maelezo yake, unampima, unaandika, unasimama mbele ya daktari bingwa unasema unadhani mgonjwa ana nini. Unaulizwa kwa nini. Unakosa jibu mbele ya wenzako na mbele ya mgonjwa mwenyewe. Jioni unasoma, kesho unarudi na jibu, unaulizwa jingine. Udaktari unaingia hivyo, kwa kurudiarudia.

Kwa hiyo la kujiuliza ni hili: hospitali hii itanipa nafasi ya kurudiarudia?

Hapo mambo si mepesi kama wengi wanavyofikiri. Muhimbili ni Muhimbili. Pale Upanga una hospitali ya taifa, una Taasisi ya Mifupa, una Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na ukitoka nje kidogo una Ocean Road wanakotibiwa wenye saratani. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo, ambaye huku kwetu tungemwandikia rufaa na kumwombea, kule anafanyiwa upasuaji. Mwanafunzi anayeyaona hayo akiwa na miaka 23 anajua udaktari unaweza kufika wapi, na hilo si dogo. Asije mtu hapa akawaambia Muhimbili imeshuka hadhi. Mimi nawapeleka kule wagonjwa wangu.

Ila tazameni raundi ya hospitali kubwa inavyopita. Kitandani kuna bingwa. Pembeni yake wanaosomea ubingwa. Nyuma yao intern, yaani walio kwenye utarajali, nyuma yao mwaka wa tano. Wewe wa mwaka wa tatu uko mwisho kabisa unaona migongo. Mtoto akiingia na degedege, waliokutangulia kumshika ni wengi, na ni haki yao, nao wanajifunza. Mwanafunzi mwenye kiherehere atapenya. Atamwomba dada anayesomea ubingwa amruhusu atafute mshipa, atabaki wenzake wakienda chakula cha mchana. Mkimya atamaliza rotesheni, yaani zamu yake ya wiki kadhaa kwenye wodi moja, akiwa ameona mengi na kushika machache.

Hospitali yenye watu wachache ina maisha mengine. Nesi anakujua kwa jina. Saa sita usiku anakuita, wewe daktari mdogo, njoo ushike hapa. Unashika. Wiki ya tatu unajua mtoto aliyeishiwa maji anaonekanaje kabla hujafungua faili. Lakini uchache huohuo una madhara yake, na hili vijana wengi hawaambiwi: bingwa akiwa mmoja, naye akasafiri kikazi, nani anakuuliza "kwa nini"? Ukishika mara 50 bila kusahihishwa, umejifunza kukosea kwa haraka. Wingi wa wagonjwa bila mwalimu si mafunzo.

Ndiyo maana nasema waulizeni wanafunzi wenyewe, na msimuulize wa mwaka wa kwanza. Huyo bado anapiga picha na koti. Mtafuteni wa mwaka wa nne au wa tano, hata kwa simu. Kila kata ya hapa ina mtoto wa mtu anayesoma mahali fulani. Muulizeni amezalisha wangapi kwa mkono wake mwenyewe. Amewahi kumtoa mtoto maji ya uti wa mgongo, au aliona tu? Rotesheni ya watoto wako wangapi kwa bingwa mmoja? Anatomia walikuwa wangapi kwa mwili mmoja? Zamu ya usiku wanarudije hosteli? Swali hili la mwisho wazazi wa mabinti lishikeni sana. Hospitali siku hizi zimetawanyika: Muhimbili ina Upanga na ina Mloganzila, na hapa kwetu akina mama wanaojifungua wanahudumiwa Meta, wakati wodi nyingine ziko Rufaa penyewe. Usiku daladala hazimsubiri mwanafunzi. Mwanafunzi uliyemuuliza akikujibu kwa kusitasita, au akaanza kukusimulia uzuri wa maktaba, umeshapata jibu lako.

Kuna jambo jingine la wodi, na hapa naomba mniruhusu nivutie kwetu kidogo. Wodi inakufundisha magonjwa ya watu wanaoizunguka. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Na utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni asilimia 56.9, wakati nchi nzima ni kama 30. Iringa hiyohiyo inayolisha miji kwa mahindi! Njombe ya viazi na parachichi nayo iko juu hivyohivyo. Mimi nimekaa na hawa watoto. Wanakuja kwa kikohozi, ukiwapima urefu unakuta mwenye miaka minne ana kimo cha mtoto wa miaka miwili, na mama anakushangaa, maana nyumbani ghala limejaa. Hapo daktari anatakiwa aulize mtoto anakula nini, mara ngapi kwa siku, nani anabaki naye mama akiwa shambani. Haya hujifunzi kwa kuona mgonjwa mmoja wa ajabu aliyeletwa kwa ndege. Unajifunza kwa kuwaona hawa kila siku hadi macho yanazoea kuwatambua mlangoni. Mtoto anayejua atarudi kufanya kazi Ileje, Makete au Ludewa apime hilo. Na hapa jijini kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinachojulikana nje ya nchi kwa kazi ya VVU na kifua kikuu. Mwanafunzi wa Mbeya mwenye njaa ya utafiti hana haja ya kupanda basi kuifuata.

Sasa pesa. Wazazi, msiondoke.

Ada ya chuo binafsi cha udaktari huwa mara mbili, mara tatu ya chuo cha umma. Tuseme tu, kwa mfano, chuo kimoja kinataka milioni 2 kwa mwaka na kingine milioni 5 na nusu. Ninyi wekeni tarakimu zilizo kwenye barua zenu. Kwa mfano wangu tofauti ni milioni 3 na nusu kwa mwaka, milioni 17 na nusu kwa miaka 5. Hicho ni kiwanja. Na bado hujalipa chumba, bima, vitabu, stetoskopu, nauli ya likizo. Nauli ya Mbeya hadi Moshi au Mwanza, kwenda na kurudi, kwa miaka mitano, nayo iandikwe. Watu huisahau kwa sababu inatoka kidogokidogo.

Bodi ya Mikopo ipo, na imewasomesha wengi waliomo humu. Hela ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ndiyo mnayoiita bumu. Kuna pia Samia Scholarship, iliyoanza mwaka huohuo, kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi. Ukiwa miongoni mwao, nusu ya hotuba hii haikuhusu, kachague wodi. Lakini msichukulie kwamba mkopo wa ada utafunika ada yote ya chuo binafsi. Mara nyingi kunabaki pengo, na pengo hilo ni la baba na mama. Na mkopo ni mkopo: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe. Ukirudia mwaka kwa kufeli, usitegemee Bodi ikulipie mwaka huohuo mara ya pili. Sapu moja, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli, haimuui mtu, tumezipata wengi. Mwaka wa kurudia ndio unaovunja nyumba.

Niseme lililo wazi ambalo huwa hatulisemi kwenye vikao vya ukoo. Mwaka wa kwanza ukoo huchanga kama unavyochangia harusi: kuna kamati, kuna daftari la ahadi, mjomba wa Tunduma anasimama anatangaza, watu wanapiga vigelegele. Mwaka wa tatu hakuna kamati. Mjomba ana mtoto wake naye kafika kidato cha nne, bei ya viazi imeanguka, aliyeahidi kahawa za Mbozi anasema msimu ulikuwa mbaya, na kweli ulikuwa mbaya. Mtoto yuko huko wodini, mwaka ambao ndio anaanza kuwa daktari, anaitwa ofisi ya uhasibu. Nilimfahamu kijana mmoja wa Ileje, chuo chake sikitaji, alikuwa na akili kuliko wengi niliowafundisha. Mwaka wa nne alizuiwa mtihani kwa deni la ada, akaahirisha mwaka, akarudi nyumbani kupiga tofali. Alimaliza baadaye, sasa ni daktari. Lakini darasa lake lilimtangulia, na alichokipoteza hakikuwa pesa peke yake. Barua nyingine aliyokuwa nayo, ile aliyoikataa, ilikuwa ya chuo cha umma. Waliikataa kikaoni kwa sababu mji wake haukuwapendeza wakubwa.

Kwa hiyo mkiketi kuamua, msihesabu mwaka wa kwanza. Anzeni na mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, muandike pesa itatoka shamba gani, mshahara wa nani, mwezi gani. Kama kwenye miaka hiyo mnaona mmeandika "Mungu atafungua njia", mjue bado hamjaandika kitu. Namwamini Mungu sana, wanaonijua wanajua, lakini mhasibu wa chuo hapokei hiyo.

Suala la kusomea nyumbani. Kuna mama aliniuliza mbele ya kanisa, "Daktari, mwanangu abaki Mbeya, majirani watasema nini?" Watasema, mama. Watasema wiki mbili, halafu watahamia kwa mtoto wa mwingine. Kinachonitia wasiwasi mimi kwa anayesoma nyumbani si majirani, ni ndugu. Mtoto akiwa anasoma udaktari hapa jijini na analala kwenu Mwanjelwa, kila mgonjwa wa ukoo kutoka Chunya hadi Kyela atapitia mkononi mwake. Mpeleke bibi Rufaa akapimwe macho. Shangazi amelazwa, ukitoka darasani pitia na uji. Na kama ni binti, atatoka wodini saa kumi na mbili jioni akute masufuria yanamsubiri, kaka yake anatazama mpira. Anayebaki Mbeya akae hosteli. Hata kama ni kituo kimoja cha daladala kutoka nyumbani, akae hosteli, na ndugu waambiwe mapema kwamba huyu ni mwanafunzi, dawati la kupokelea wagonjwa liko hospitali.

Anayekwenda mbali naye ana yake. Dar ni joto na ni ghali, na upweke wa mwezi wa kwanza umewarudisha watoto waliokuwa na alama nzuri kuliko za dokta yeyote aliyeko humu. Simsemi zaidi huyu, maana watoto wengi huzoea wakishapata kanisa au msikiti na marafiki wawili.

Kuhusu nje ya nchi nitakuwa mfupi. Mawakala wanakuja na barua ya chuo cha huko, inasema kila kitu kwa Kiingereza. Darasani, sawa. Mgonjwa je? Mgonjwa wa China anaumwa kwa Kichina. Tunarudi kwenye wodi: usipoweza kumuuliza mgonjwa kimeanza lini, miaka miwili mizima utakuwa mtazamaji. Mwaka 2022 tuliona vijana wetu wakitoka Ukraine chini ya mabomu, masomo yakiwa katikati. Anayetaka kwenda aende, lakini apitie kwanza Tume ya Vyuo Vikuu apate cheti cha kutokuwa na pingamizi, ajue chuo kinatambuliwa kabla hajalipa wakala hata shilingi.

La mwisho kabla ya maswali, ni dogo ila limewaumiza watu. Wengi mliomba vyuo kwenye steshenari pale Kabwe au Sokomatola, na kijana wa steshenari akaweka namba yake ya simu ili kurahisisha kazi. Msimbo wa kuthibitisha unaweza kwenda kwake. Nendeni leo mkaangalie akaunti ina namba ya nani. Nenosiri likae kwako, si kwenye daftari lake.

*Baba mmoja aliuliza: Daktari, tuache mafumbo. Mtoto ana Muhimbili na ana Mbeya, ada zinalingana. Wewe wako ungempeleka wapi?*

Ningemtazama mtoto, mzee wangu. Wangu wa kwanza ni wa kuuliza, darasani alikuwa anawachosha walimu. Huyo Muhimbili, kesho asubuhi. Atasogea mbele bila kuitwa na atavuna kila kitu kilichoko kule. Mdogo wake ni mkimya, anasubiri aambiwe karibu. Huyo ningemweka mahali ambapo nesi atamjua kwa jina, na kati ya mbili hizo ningesema Mbeya. Akitaka ubingwa baadaye, Muhimbili iko palepale, ataikuta, na ataingia akiwa ameshakuwa daktari anayejiamini. Na kama chuo kimoja ni cha binafsi chenye hospitali nzito, na kingine cha umma chenye hospitali nyepesi, ningechukua cha binafsi endapo pesa ya mwaka wa tano naiona kwa macho. Siioni? Cha umma, na mtoto nisimlilie.

*Mama mmoja: Mtoto anataka Mwanza kwa sababu rafiki yake anakwenda Mwanza. Tufanyeje?*

Mama, Bugando ni hospitali kubwa ya kanda, inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Sababu yake ni ya kitoto, lakini chuo alichokiangukia si cha kitoto. Mpe maswali yale ya wodi ayaulize mwenyewe, na ile karatasi ya hesabu mkae naye aijaze kwa mkono wake. Akirudi bado anataka Mwanza, na karatasi inakubali, mwache aende. Ni yeye atakayeamka saa kumi na moja kwenda kuwatoa wagonjwa damu ya kupima, si wewe wala mimi.

*Binti mmoja aliyemaliza mwaka huu: Siku za kuthibitisha zinakwisha kabla Bodi haijatoa majina ya mkopo. Nathibitishaje kitu ambacho sijui kama nitakilipia?*

Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na mnaonewa kidogo na kalenda. Fanya hivi. Leo, ukiwa na wazazi, fikiria Bodi imekupa kidogo kuliko ulichoomba. Kwa hali hiyo, ni chuo kipi unaweza kuanza na kuendelea? Thibitisha hicho. Kama ni vyote viwili, rudi kwenye wodi uchague kwa wodi. Kama ni hicho kimoja tu, basi barua ya pili haikuwa barua ya kweli kwako, hata kama ina nembo nzuri. Kabla ya kuthibitisha, piga simu ofisi ya udahili uulize kama ada inalipwa kwa awamu, ni ngapi, na ya kwanza ni kiasi gani. Wakikujibu, mwombe mtu huyo jina lake na uliandike pembeni ya karatasi. Usisubiri saa ya mwisho, mtandao huwa unalemewa usiku ule. Umesema siku zinakwisha lini? Ijumaa? Basi piga kesho saa mbili asubuhi, wakifungua ofisi. Ukikwama, mwalimu wako wa biolojia ana namba yangu.